Mnara wa Bure na Mkuyu wa Zakayo



Wasomaji wapenzi, juma hili nawaalika katika safari ya mbali, wala hamtatoa hata senti moja ya nauli. Twende Japani, katika mji wa Tokyo, tupande jumba refu, tuutazame mji ulio chini yetu, kisha tushuke. Msiseme, "Karani leo ametuanzia hadithi za sungura." Jumba hilo lipo, na kila mtu ana ruhusa ya kulipanda, tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni, wala haulizwi kiingilio.

Nimelichagua kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni watoto wetu. Siku hizi kijana akifika mjini haandiki barua tena; hutuma picha kwa simu, amesimama juu ya ghorofa, mji wote umelala nyuma yake. Picha hiyo huzungushwa nyumba kwa nyumba, na mama yake usiku ule hulala usingizi mzuri. Basi yafaa sisi tuliobaki kijijini tujue picha kama hiyo yasema nini, na nini haisemi.

Sababu ya pili ni kwamba Tokyo si mji mgeni kabisa kwetu Wakatoliki. Siku moja ile ile, tarehe 28 Machi 1960, Baba Mtakatifu Yohane XXIII aliwapa ukardinali Laurean Rugambwa wa kwetu, Mwafrika wa kwanza kupata cheo hicho katika nyakati zetu, na Peter Tatsuo Doi, Askofu Mkuu wa Tokyo, Mjapani wa kwanza. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba Kanisa la kwao na Kanisa la kwetu ni rika moja.

Jumba lenyewe

Jumba hili ni ofisi kuu ya serikali ya mji wa Tokyo, nalo liko katika sehemu iitwayo Shinjuku. Urefu wake ni mita 243, na orofa zake ni 48. Toka chini ni jumba moja, lakini likifika orofa ya 33 lagawanyika kuwa minara miwili. Katika kila mnara, kwenye orofa ya 45, umo ukumbi wa kutazamia mji, mita 202 juu ya ardhi. Ukitaka kufahamu urefu huo, chukua mnazi wa mita 20, simamisha mwingine juu yake, na mwingine tena, hata itimie minazi 10. Hapo ndipo utakaposimama.

Aliyechora ramani yake ni Kenzo Tange, fundi mkuu wa majengo, aliyezaliwa mwaka 1913. Watu wengi wakiiona minara ile miwili hukumbuka kanisa kuu la Notre-Dame la Paris, lile lililoungua mwaka 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024. Wala si ajabu, maana Tange alijua kujenga kanisa. Ndiye aliyelichora kanisa kuu la Bikira Maria la Tokyo, lililotabarukiwa tarehe 8 Desemba 1964, Sikukuu ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, badala ya kanisa la mbao lililoteketea katika vita mwaka 1945. Kanisa hilo ukilitazama ukiwa chini, waona kuta kubwa zilizopinda, zimefunikwa kwa bati ling'aalo; lakini ndege arukaye juu yake huona msalaba. Tange alipofariki mwaka 2005, misa ya maziko yake ilisomwa humo humo.

Hapo lilipo jumba la serikali palikuwa na mabwawa ya kusafishia maji ya mji, tangu mwaka 1898 hata mwaka 1965. Zamani zile kipindupindu kiliua watu wengi sana Tokyo, na mabwawa yale ndiyo yaliyowaletea maji safi ya bomba. Yalipohamishwa, mahali pake paliota majumba marefu. Jumba letu lilimalizika mwishoni mwa mwaka 1990, na mwaka 1991 watumishi wakaingia ofisini.

Sasa sikilizeni gharama yake. Lilimeza karibu yeni bilioni 157, fedha za walipa kodi. Wenyeji walinung'unika, wakalipa jina la dhihaka, wakaliita Mnara wa Kodi. Nasi tuliofundishwa katekisimu twakumbuka mara moja mnara mwingine, ule wa Babeli, watu walipotaka kujifanyia jina kwa kujenga hata mbinguni.

Lakini kuna tofauti moja, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Wakubwa wa Tokyo hawakujiwekea kilele peke yao. Orofa mojawapo ya juu kabisa waliiacha wazi kwa kila mtu. Mfagia barabara aliyelipa kodi yake kidogo, na mwenye kampuni aliyelipa nyingi, wote wapanda lifti moja, wote wasimama mbele ya kioo kimoja.

Neno "bure"

Tuliangalie vizuri neno hili, maana laweza kutudanganya. Twasema maji ya kisima cha kijiji ni bure. Je, ni kweli? Nani alichimba? Nani alitoa saruji? Nani hununua mpira wa pampu ukikatika? Twasema pia benchi la kanisani ni la bure, kila mtu aketi. Lakini mbao zile ni mahindi ya wazazi wetu, ni kuku na mayai waliyoleta kwenye sadaka. Kila kilicho bure kina mlipaji wake; bure maana yake ni kwamba mwenzako amekwisha kulipa kabla hujafika. Hata wokovu wetu twaupata bure, bali Mkombozi aliulipia kwa damu yake.

Basi mtu akipewa kitu cha bure, ana madeni mawili. La kwanza, akitunze, maana si mali ya shetani bali ni mali ya wenziwe. La pili, aulize: ni nani aliyelipa, naye yu wapi sasa? Deni hili la pili ndilo tunalolisahau.

Namna ya kupanda

Haya, tupande. Ukishuka kwenye treni katika stesheni ya Shinjuku, shika mkono wa mtoto wako sana, maana kabla ya ugonjwa wa korona stesheni hiyo ilipitiwa na abiria zaidi ya milioni 3 kila siku. Tokea mlango wa magharibi, utembee kwa miguu kama dakika 10. Chini ya jumba utaona watu wamejipanga safu kwa utulivu, wala hakuna anayemsukuma mwenziwe. Mlinzi atatazama ndani ya mfuko wako, asione kitu cha hatari, kisha utaingia kwenye lifti. Mlango ukifungwa, hesabu pole pole: kabla hujafika 60 umekwisha kufika orofa ya 45, maana safari ni sekunde 55. Masikio yataziba kidogo, kama yanavyoziba ukipanda milima kwa basi. Meza mate, yatazibuka.

Ukumbi ni mpana, umezungushiwa vioo vikubwa. Katika mnara wa kusini kuna piano moja ya rangi ya manjano yenye madoa meusi, iliyopambwa kwa michoro ya Yayoi Kusama, mchoraji mashuhuri wa Japani. Iliwekwa hapo mwaka 2019, na kila ajuaye kupiga aweza kuketi akapiga, mtoto wa shule au mzee aliyestaafu. Wageni waliosimama kumsikiliza humpigia makofi, kisha huketi mwingine.

Yaonekanayo

Tazama upande wa magharibi. Siku ya anga safi, hasa asubuhi za majira ya baridi, utauona mlima Fuji umevaa theluji, nao uko mbali kama kilomita 100. Urefu wake ni mita 3776. Ndugu zetu wa Moshi watacheka, maana Kilimanjaro ni mita 5895. Lakini Wajapani wampenda Fuji wao kama sisi tumpendavyo mzee wetu.

Tazama sasa chini, si mbali. Waona msitu mnene katikati ya mji, kama blanketi la kijani lililotandikwa kati ya majumba. Huo ni msitu unaolizunguka hekalu la Meiji, la dini yao ya kienyeji, na ukubwa wake ni kama hektari 70. Utadhani ni msitu wa tangu uumbaji. Sivyo! Ulipandwa kwa mikono. Hekalu lilipofunguliwa mwaka 1920, watu wa nchi nzima walikuwa wametoa miche ipatayo 100,000, na vijana wa vijijini walikuja kwa kujitolea kuipanda. Ninyi mnaosema mti haufai kupandwa kwa kuwa mpandaji hatakiona kivuli chake, pandeni kwanza lifti hii.

Upande mwingine wasimama mnara mwekundu na mweupe uitwao Tokyo Tower, mita 333, uliojengwa mwaka 1958. Sehemu ya chuma chake ilitoka katika vifaru vya vita vilivyovunjwa. Mbali zaidi ni mnara wa Skytree, mita 634, uliofunguliwa mwaka 2012. Huko kote mtazamaji hulipa. Na kati ya yote hayo ni nyumba, nyumba, nyumba, hata macho yachoke. Tokyo pamoja na miji iliyoshikana nayo ina watu karibu milioni 37. Watanzania wote waliohesabiwa mwaka 2022 walikuwa milioni 61 na zaidi. Basi fikiri: zaidi ya nusu yetu sote, toka Bukoba hata Mtwara, wangekaa mahali unapopaona kwa macho.

Tena ujue kwamba mji huo umekufa mara mbili na kufufuka. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la ardhi na moto vikaua watu zaidi ya 100,000 katika Tokyo na sehemu za jirani. Usiku wa tarehe 10 Machi 1945 ndege za vita zilimwaga moto, wakafa watu wapatao 100,000 kwa usiku mmoja. Tarehe 11 Machi 2011, ardhi ilipotetemeka tena, majumba marefu ya Shinjuku yaliyumba kwa dakika nyingi kama mianzi katika upepo, lakini hayakuanguka, maana mafundi walikuwa wamejifunza.

Chuoni tulipofundishwa ualimu tuliambiwa kwamba mtoto asiyepata kukiona kijiji chake toka kilimani, ramani kwake ni michoro ya kuku tu. Ni neno la kweli. Kupanda juu kwatufundisha mambo: twaona barabara zatoka wapi na kwenda wapi, mto wapita wapi, kitu gani ni kikubwa na kipi ni kidogo. Kwa hiyo simlaumu kijana apendaye kupanda. Apande.

Yasiyoonekana

Lakini toka mita 202, binadamu ni mdogo kuliko siafu. Huwezi kujua yupi ni mzee na yupi ni kijana, yupi ameshiba na yupi hajala tangu jana. Waona mji, huoni mtu. Hapa ndipo nirudipo kwenye deni lile la pili: ni nani waliolipa, nao wako wapi?

Tangu miaka ya 1950 hata katikati ya miaka ya 1970, vijana wa Japani waliomaliza shule ya kati, wenye miaka 15 hivi, walipakiwa makundi kwa makundi katika treni maalumu. Walitoka vijijini, wengi upande wa kaskazini kwenye theluji, wakashushwa Tokyo katika stesheni ya Ueno. Viwanda na maduka viliwagombania, vikawaita mayai ya dhahabu. Nao wakulima wakubwa, mashamba yalipofunikwa na theluji, waliacha wake zao na watoto wakaja kufanya kibarua cha ujenzi. Barabara za Tokyo, stesheni zake na majumba yake, mikono ya watu wa vijijini imo ndani yake. Walikuwa watu kama ninyi na mimi. Jembe waliliacha nyuma ya mlango.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mara tu jumba letu lilipofunguliwa, biashara ya nchi ilianguka. Kazi za ujenzi zikapungua. Vibarua waliokwisha kuzeeka hawakutakiwa tena, na asiye na kazi hakuwa na fedha ya chumba. Wengi wakajitengenezea vibanda vya maboksi katika njia ya chini ya ardhi, ile ile itokayo stesheni ya Shinjuku kuelekea jumba la serikali. Januari 1996 serikali ya mji iliwaondoa, ipate kuweka humo sakafu inayotembea yenyewe, wapita njia wasichoke miguu.

Mtauliza, "Mbona hawakurudi kwao?" Ninyi mwalijua jibu. Mtu aliyesindikizwa kwa nyimbo, akaitwa yai la dhahabu, huona haya kurudi na mikono mitupu. Aliwaandikia nyumbani kwamba mambo ni mazuri. Pengine alituma na picha.

Siku hizi wanaolala nje Tokyo wamepungua sana kuliko wakati ule. Lakini njaa haikwisha. Kila Jumamosi, chini ya jumba lile lile, watu wa vyama vya hisani hugawa chakula kwa wahitaji. Baada ya ugonjwa wa korona safu ilirefuka, na katika mwaka 2023 waliofika siku moja walipita 700. Si wazee wa mitaani tu. Wamo vijana, wamo akina mama, wamo wenye chumba na kazi ambao mshahara wao hauwafikishi mwisho wa mwezi. Mwaka 2024 serikali ya mji ilianza kuupamba ukuta wa jumba hilo usiku kwa picha kubwa za taa, na wengine wakauliza kwa sauti: fedha ya taa imepatikana, je, ya wale walio chini?

Basi oneni ajabu hii, wasomaji. Mahali pamoja pana safu mbili, zote za bure. Safu moja yangoja lifti ipande kutazama mji. Safu nyingine yangoja mfuko wa chakula. Na aliye juu kwenye kioo hawaoni walio chini, si kwa ubaya wa moyo, bali kwa sababu ya urefu.

Simsemi Mjapani. Tajiri wa Injili hakuishi Tokyo, wala Lazaro hakulala Shinjuku. Huko pia wako wenye huruma. Tarcisio Isao Kikuchi, Askofu Mkuu wa Tokyo, aliyepewa ukardinali Desemba 2024, alichaguliwa mwaka 2023 kuwa rais wa Caritas ya dunia nzima. Naye alipokuwa padre kijana alitumwa Ghana, akahudumia parokia ya kijijini miaka kadhaa. Yeye aliijua Afrika yetu kwa miguu yake, si kwa kuitazama toka juu.

Zakayo na mkuyu wake

Katika Injili twasoma habari za watu wawili waliotazama toka juu. Wa kwanza ni Bwana wetu mwenyewe, Shetani alipompandisha mlima mrefu akamwonyesha falme zote za ulimwengu na fahari yake. Angalieni: Mjaribu alionyesha fahari tu, hakuonyesha machozi. Ndivyo afanyavyo hata leo. Bwana alikataa, akashuka, akaenda kwa wavuvi na wagonjwa.

Wa pili ni Zakayo wa Yeriko. Yeye alikuwa mkubwa wa watoza kodi, mtu mfupi, naye alitaka kuona. Akapanda mkuyu. Mkuyu ule ndio mnara wake, wala hakutoa kiingilio. Tena Bwana hakumkemea kwa kupanda. Kutaka kuona si dhambi. Lakini alipofika chini ya mti alimwita ashuke upesi, maana siku ile alitaka kukaa nyumbani mwake. Zakayo akashuka kwa furaha. Na alipokuwa chini, ndipo alipowakumbuka maskini aliowasahau miaka yote, akaahidi kuwapa nusu ya mali yake, na kurudisha mara nne kila alichomnyang'anya mtu. Akiwa juu ya mti alimwona Yesu. Alipokuwa chini aliwaona na jirani zake.

Mambo ya kushika

Sasa tuyalete haya nyumbani kwetu, tuyafanyie kazi.

Kwanza, ninyi wazazi. Mwana akituma picha akiwa juu ya ghorofa la Dar es Salaam au la Nairobi, ipokeeni kwa furaha, mwonyesheni na babu. Kisha mpigieni simu mwulize habari za chini: Mwanangu, ukishuka hapo unalala wapi? Mnalala wangapi? Jana ulikula nini, na nani? Jumapili ulisali parokia gani? Msiulize kama polisi. Ulizeni kama mama aulizavyo. Akijibu upesi, mshukuruni Mungu. Akisitasita, msimgombeze, bali ulizeni tena kesho.

Pili, msimtume mtoto mjini kama yai la dhahabu. Mwambieni kabla ya kupanda basi, mbele ya ndugu zake: "Ukipata, tukumbuke. Usipopata, rudi, mlango huu hauna kiingilio." Neno hilo halina gharama, nalo laweza kumwokoa. Wako vijana wanaolala vibarazani mjini kwa kuwa hawajui kama wataruhusiwa kurudi bila redio na mabati.

Tatu, ninyi vijana. Kabla hujaondoka, pita ofisini mwa parokia. Nitakuandikia barua ya utambulisho, Baba Paroko ataitia sahihi na mhuri, na cheti chako cha ubatizo na cha kipaimara utavipata. Barua hiyo ni bure kwako. Karatasi na wino vimekwisha kulipiwa na zaka ya wazee wako. Nimeziandika nyingi, na nimeona nyingine zimebaki katika sanduku la nguo hata zikaliwa na mende. Barua ndani ya sanduku haina kazi. Ukifika mjini, Jumapili ya kwanza tafuta parokia, mpe katekista barua yako, uliza jumuiya ya mtaa wako yakutana siku gani. Hapo watakujua kwa jina. Ukiugua, atakuwapo mtu wa kubisha hodi. Jioni moja panda ghorofa, tazama taa zote, hata piga picha yako, nani atakukataza? Lakini mtu wa kukubishia hodi mtafute kwanza.

Nne, sisi tuliobaki. Nasi tuna minara yetu. Mwenye duka ana mnara, mwalimu ana mnara, mwenyekiti wa kijiji ana mnara, hata karani mwenye kalamu na mhuri ana kake kadogo. Toka hapo kila mmoja huona kijiji, asione nyumba ya mjane ambayo moshi wake haujatoka jikoni siku mbili. Juma hili kila nyumba ichague mlango mmoja usiobishwa hodi na watu, iende ikabishe. Pelekeni chochote, hata kama ni kuni tu, kisha kaeni mzungumze.

Kwa leo nakomea hapa, wino nao unakwisha. Mungu awabariki, na awatunze watoto wetu walio mbali.

Ni mimi, Karani wenu wa Parokia.